Kiti Namba Arobaini na Moja

Jengo ni lilelile, matofali mekundu,
Łódź imejaa ndugu zake.
Humu Genowefa, mama yake mama,
alisimama miaka ishirini na tisa mbele ya mtambo wa kufuma,
akatoka na pamba mapafuni na sikio moja bovu.
Nilipopata kazi alinishika mashavu:
"Wewe utakaa, Kinga. Wewe utakaa!"

Nimekaa.

Nimekaa tangu saa mbili asubuhi
katika ukumbi usio na kuta, watu mia na sitini,
tukipekua madai ya bima ya Wajerumani
waliogonga magari yao katika mvua tusiyoiona.
Madirisha ni ya wakubwa. Sisi tuna taa.

Dawati si la mtu. Ndio utaratibu mpya:
unafika, unashika palipo wazi,
jioni unafuta jasho lako kwa spiriti,
usiache hata picha ya paka.
Aliyeachwa na tramu hurithi kiti namba arobaini na moja,
ambacho mgongo wake ulishakata tamaa.
Mimi huachwa. Nina mtoto wa chekechea.

Pembeni mwa skrini kuna duara dogo la kijani.
Usipogusa kipanya dakika tatu, linageuka njano.
Dakika tano, jekundu,
na Radomir, kiongozi wa timu, anapita nyuma yako
akipiga mluzi, hasemi neno.
Ndiyo maana hatunywi maji.
Asiyekunywa haendi msalani.
Halszka alinyamaza hivyo mpaka figo likasema.

Kwangu ilianza kwa ganzi ya kidole gumba,
kama sisimizi waliopotea njia.
Kisha nikaamka usiku, mkono umenifia ubavuni;
nikauinua kwa mwenzake, nikaukung'uta
kama kipimajoto cha zamani.
Kisha kifuniko cha chupa ya maziwa.
Mwanangu, miaka mitano, akakifungua mwenyewe,
akanitazama kama mtu aliyegundua siri.

Uongozi hausikii maumivu; husikia likizo za ugonjwa.
Ukatuletea mtaalamu wa siku moja, mpole, mwenye rula:
viwiko hivi, nyayo sakafuni,
kila dakika ishirini tazama mbali.
Mbali wapi? nikauliza. Mbele yangu ni kisogo cha Wit.
Akacheka. Nikacheka.
Duara likageuka njano.

Tukagawiwa kijito cha kulaza kiganja, cha buluu, chenye nembo.
Madai ya kila siku yakabaki themanini na mawili.

Lakini hili nitalisema.
Zamu ya usiku yuko mtu nisiyemjua, mrefu,
maana kila asubuhi nilikikuta kiti kimepanda,
miguu yangu inaning'inia kama ya mtoto kanisani.
Nilimlaani wiki nzima.
Kisha nikakata utepe, nikaubandika kwenye nguzo ya kiti:
mimi ni wa hapa.
Kesho yake nikakuta utepe wa pili, juu ya wangu,
na kiti kimeshushwa, kinanisubiri.
Miezi minne, alfajiri, na usingizi machoni,
mtu aliukumbuka mgongo wangu kabla ya kuondoka,
nami jioni nikampandishia.
Hakuna aliyetuagiza.
Jina lake silijui. Najua urefu wa mguu wake.

Ijumaa likatoka agizo: alama zote binafsi ziondolewe.
Tepe zikabanduliwa.
Gundi ikabaki, mistari miwili,
na gundi hula vumbi. Bado tunasomana.

Jana nilimweleza Bibi kwamba watanipasua,
hapa, kwenye kifundo, tarehe kumi na moja.
Akageuza sikio lake zima.
"Kwa kazi ya kukaa?"
"Kwa kazi ya kukaa."
Akauchukua mkono, akausugua kwa gumba lake gumu,
taratibu, palepale panaponiuma,
bila kuuliza ni wapi.